TAYA LINALOVIMBA BILA KUUMA



Mtoto wa miaka 10 anakula, anacheza, lakini shavu moja limepita lingine kwa ukubwa. Halimuumi. Majirani wanasema: amerogwa. Wengine: ni kansa. Mara nyingi si hili wala lile.

Kuna magonjwa ambamo nyuzi-nyuzi zinaota mahali pa mfupa mgumu wa taya. Hayaambukizi. Tujue matatu:

1. Displasia fibrosa. Inaanza utotoni, mara nyingi upande mmoja, zaidi taya la juu. Inakua polepole, kwa miaka. Mtoto hakuirithi kwa baba wala kwa mama.

2. Fibroma ya mfupa. Ni uvimbe wenye mpaka wake. Inaonekana zaidi kwa wanawake wa miaka 20 hadi 40.

3. Displasia ya mizizi ya meno. Inapata sana akina mama weusi waliopita miaka 30. Kwa kawaida haiumi. Inaonekana kwa bahati tu katika picha ya radio. Meno ni mazima. Yasing'olewe kwa ajili yake, maana mfupa huo una damu kidogo, na kidonda chake kinakawia kupona.

Munganga anajuaje? Anauliza, anagusa, kisha anapiga radio. Katika ugonjwa wa kwanza, mfupa unafanana na kioo kilichosuguliwa, bila mpaka. Katika wa pili, mpaka ni wazi. Akiwa na mashaka juu ya hiyo miwili, atakata kipande kidogo, kitazamwe kwa mikroskopi.

Na matunzo? Hakuna mafuta ya kupaka yanayorudisha mfupa. Displasia fibrosa inapimwa mara kwa mara. Mtoto akimaliza kukua, mara nyingi nayo inapunguza mwendo. Ndipo mpasuaji anaweza kuchonga mfupa uliozidi. Ikibana jicho au pua, hatangoja. Isichomwe kwa mionzi: inaweza kugeuka kansa. Fibroma inatolewa yote, isirudi.

Lakini angalieni! Uvimbe wa mtoto unaokua kwa majuma machache, meno yakilegea, unaweza kuwa ugonjwa wa Burkitt. Hiyo ni kansa kweli, na inaweza kupona kwa dawa ikiwahiwa. Usingoje hata siku moja.

Basi baba, ukitoka kazini, tazama uso wa mtoto wako mwangani. Ukiona shavu moja limezidi, usimpeleke kwa wenye kuchanja. Umlete kwetu, dispanseri.