Mita ya pikipiki na kazi isiyo na mwajiri

Kazi ya majukwaa ya kidijitali hugawiwa na programu ya simu au kompyuta. Kampuni humkutanisha mteja na mfanyakazi, hupanga bei, hukata kamisheni na huweza kufunga akaunti, lakini mfanyakazi huhesabiwa kuwa amejiajiri. Mafuta, bima, matengenezo na siku za ugonjwa ni mzigo wake. Anayepanga bei siye anayebeba hasara, na hilo ndilo shina la udhaifu wa ajira hii.

Tuanze na Rwanda. Katika Nyakiriba, sekta ya wilaya ya Rubavu, abiria na motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, hupatana nauli kabla ya kupanda. Motari aliyeziona njia za milimani baada ya mvua hudai zaidi, na abiria ana haki ya kukataa. Jijini Kigali mambo yalibadilika mita ilipofanywa kuwa lazima. Kifaa hicho kilifungwa kwenye pikipiki, kilipima umbali kwa setilaiti, na nauli ililipwa kwa simu. Abiria alipata nafuu ya kweli, kwani mabishano ya bei yalipungua. Ila mita haikuhesabu safari ya kurudi bila abiria, wala dakika za kungoja kijiweni, na kampuni ya mita ilikata fungu lake katika kila safari. Januari 2022 motari wa Kigali waligoma wakilalamikia makato hayo pamoja na bei ya bima.

Serikali zinaweza kuingilia kati, japo si bila upinzani. Nchini Tanzania, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliposhusha kikomo cha kamisheni hadi asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake Aprili 2022. Ilirejea mwaka uliofuata, kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25. Kenya iliweka kikomo cha asilimia 18.

Kazi ya mtandaoni ni dhaifu zaidi, maana haihitaji barabara ya nchi yoyote. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliosoma na kuainisha maandishi ya ukatili kwa ajili ya OpenAI, kampuni ya akili bandia, walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia Wakenya, na chanzo cha kipato kikakauka ghafla. Ushindi wa wazi ulipatikana mahakamani: Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo na wahakiki wa maudhui walioajiriwa kupitia wakandarasi.

Kuhusu kinga ya kijamii, Rwanda ina Ejo Heza, mfuko wa akiba ya uzeeni ulioanzishwa mwaka 2018, unaowapokea hata wasio na mwajiri. Motari huchangia kutoka mfukoni mwake. Ni msaada wa maana kwa uzee, lakini haulipi mshahara wa wiki ambazo mguu uliovunjika unapona.