Mvua ya mawe ikipiga mabati, kaka yangu hurudi Somalia

Hapa Fort Ternan mvua ya mawe haitushtui. Ukanda huu wa Kericho na Nandi Hills hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na wakulima wa majani chai huko juu wanajua hasara yake. Sisi tuliokulia chini ya mabati tunaongeza tu sauti ya redio.

Kaka yangu hawezi. Mawe ya kwanza yakigonga, yeye tayari yuko chini, kati ya kitanda na ukuta, mikono juu ya kichwa. Mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa kidato cha tatu, nikadhani ni mzaha wa afande. Halafu nikasikia anavyopumua.

Ninaandika haya kwa idhini yake. Ameomba nisitaje jina lake wala kikosi chake, basi.

Kwa wenzangu mliokuwa wadogo wakati huo: KDF iliingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Tarehe mbili hazisahauliki kwa familia za wanajeshi. Januari 15, 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa na Al-Shabaab. Januari 27, 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Kaka hakuwa katika kambi hizo. Yeye alikuwa kwenye msafara, gari la pili, siku gari la kwanza lilipokanyaga bomu la kutegwa barabarani. Yaliyofuata hunisimulia vipande vipande, na vipande hivyo si vya gazeti.

Alitoka jeshini mwaka wa 2019. Bodi ya madaktari ilimpima kabla aondoke. Sikio la kushoto likaandikwa, goti likaandikwa, kila kimoja na asilimia yake. Kichwa hakikuandikwa kitu. Mwaka uliofuata akakata rufaa, akiomba ugonjwa ambao madaktari huuita PTSD, yaani kiwewe kisichoisha, uhesabiwe katika pensheni yake ya ulemavu. Bado tunangoja.

Mimi niliingia kwenye hii kesi kama karani. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na kwetu ni mimi peke yangu nisiyeogopa fomu. Ilinichukua muda kuelewa tatizo lenyewe. Nilidhani ni uvivu wa ofisi. Kuna uvivu, sikatai. Tuliwahi kufunga safari hadi Nairobi, mama akiwa ameuza ndama kwa ajili ya nauli, tukaambiwa faili "imetoka". Imetoka kwenda wapi? "Kijana, rudini mwezi ujao." Lakini hata faili ilipoonekana, jibu lilikuwa baya zaidi: hakuna rekodi kwamba aliwahi kulalamika akiwa kazini.

Hapo ndipo penye mtego. Goti likipasuka, kuna damu, kuna bendeji, kuna daktari wa kambi anayeandika tarehe. Usingizi ukipotea nani anaandika? Mwanajeshi anayesema haoni usingizi anaogopa kuitwa mwoga, anaogopa kupokonywa bunduki, anaogopa kuachwa nje wakati wenzake wanapandishwa cheo. Kwa hivyo ananyamaza. Na kule kunyamaza kunakuja kuwa ushahidi dhidi yake. Nilimuuliza kaka kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupaa.

Si Kenya pekee. Marekani, wenye idara kubwa kabisa ya wanajeshi wastaafu, walikwama palepale kwa miaka. Madaktari wao waliuweka ugonjwa huu kwenye kitabu rasmi mwaka 1980, lakini aliyeomba fidia bado alitakiwa kuthibitisha tukio lenyewe kwa karatasi, kana kwamba aliyekuwa akirushiwa makombora alikuwa na nafasi ya kuomba risiti. Julai 2010 walilegeza kanuni: kama daktari wa idara hiyo amethibitisha ugonjwa, na maelezo ya mwanajeshi yanalingana na mahali alipohudumu, neno lake mwenyewe linaweza kutosha kuhusu hofu aliyoipata vitani. Hiyo ndiyo sentensi ningeipigania hapa kwetu. Sisi tuna Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, na ni jambo jema kwamba ipo. Nilipomsomea kaka aliuliza, "Imeshafika Fort Ternan?"

Basi tukaanza kutengeneza karatasi ambazo hazikuwepo.

Barua ya kwanza ya daktari ilikuwa na mistari miwili: mgonjwa ana msongo wa mawazo, apumzike. Ilirudishwa, na kusema kweli walikuwa na haki. Msongo wa mawazo hata mimi ninao. Tulipompata daktari wa akili aliyekuwa na subira, aliandika kurasa tatu: tukio gani, lini, dalili zipi zilianza baada yake, zinamzuia kufanya nini. Sentensi ya maana kuliko zote ni ile inayounganisha ugonjwa na kazi. Bila hiyo, unaweza kuwa mgonjwa kabisa na ukose hata shilingi.

Kisha tukamtafuta mtu aliyekuwa naye garini. Siku hizi analinda lango la mtaa wa matajiri Eldoret. Hawakuwa wameongea miaka minne. Walikaa kwenye hoteli ya chai saa moja nzima wakizungumzia ng'ombe, mimi nikitazama saa. Halafu yule jamaa akasema, "Afande, mimi pia silali." Akaandika hati ya kiapo mbele ya wakili siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe hajawahi kudai chochote.

Na mimi nikaanza daftari. Tarehe, saa, nini kimetokea. Ameamka saa tisa akazunguka boma na rungu. Hajaenda harusi ya binamu kwa sababu ya fataki. Amemfokea mtoto, akalia. Shemeji aliondoka na watoto mwaka juzi. Na hilo limo, kwa mwandiko wangu, na sikupenda kuliandika. Kumpeleleza kaka yako ndani ya nyumba yenu ili asaidike ni kazi chafu. Nilimwonyesha daftari baada ya miezi miwili. Alisoma kurasa zote, akasahihisha tarehe moja.

Sheria nilizisoma kwenye simu, bando ikiisha narudi kesho yake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala unaotolewa bila kukawizwa na kwa njia ya haki, na ukiumizwa na uamuzi huo una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi lako la habari ndani ya siku 21. Wakinyamaza, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman, na malalamiko hayalipiwi. Habari za usalama wa taifa zina kinga yake, lakini sisi hatukuuliza mizinga iko wapi. Tuliuliza rufaa ya mtu mmoja imefika meza gani. Barua hiyo ndiyo ya kwanza kujibiwa. Nadhani ni kwa sababu nilipeleka nakala mbili na kudai muhuri wa kupokelewa kwenye yangu. Barua isiyo na muhuri ni hadithi tu.

Mama hakuwahi kuuita ugonjwa. Husema, "Mwanangu bado hajafika nyumbani." Niliona ni maneno ya wazee tu hadi nikasoma alichoandika Mwingereza A. C. Hollis mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ndugu zetu Wakipsigis. Shujaa aliyeua adui alijipaka rangi nusu nyekundu nusu nyeupe, na kwa siku nne hakuruhusiwa kuingia kwake. Alijenga kibanda kando ya mto, akakaa huko, hadi alipokunywa dawa ya kumsafisha. Sisemi kibanda kingemponya kaka. Ila kulikuwa na watu waliojua kwamba mtu hatoki vitani akaingia jikoni. Kaka alishuka kwenye matatu Ijumaa jioni na begi, na Jumapili tukampeleka kanisani asimame tumpigie makofi.

Kijiji hiki chenyewe kina jina la mwanajeshi, Trevor Ternan, ofisa wa Uingereza. Wageni wachache wanaofika huja kuuliza visukuku vya nyani vilivyochimbwa hapa miaka ya 1960 na Louis Leakey, vya miaka kama milioni 14. Kaka hupenda kusema ile mifupa ilipata faili nzuri kuliko lake.

Mwezi uliopita alitaka kuacha. Si kwa sababu ya nauli. Kila kikao anatakiwa kusimulia upya, mbele ya watu wapya, lile gari la kwanza, na baada ya kila kikao halali wiki nzima. "Wanilipe au wasinilipe," alisema, "sitaki kurudi pale barabarani kwa ajili ya karani." Sikuwa na jibu. Nilimwandikia daktari, naye akatoa barua akiomba maelezo yaliyomo kwenye faili yapokelewe yalivyo, asihojiwe upya kuhusu tukio. Sijui watakubali.

Tumepewa tarehe nyingine, Jumanne saa mbili asubuhi. Nimepanga tulale Nakuru kwa shangazi, nyumba yake ni ya vigae. Nakala ziko kwenye bahasha ya plastiki. Jana jioni kaka aliniomba daftari, akaandika mwenyewe kwa mara ya kwanza: mvua ya mawe, saa kumi na moja, dakika ishirini.