BAHATI AU MAARIFA?

Mwenzetu akivuna magunia mengi tunasema: "Ana bahati huyo!" Je, ni kweli? Tupime.

Bahati ipo. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Maji hayakuuliza nani hodari, nani mvivu. Yalichukua nyumba, mashamba, hata reli. Kule Mikumi tembo wakitoka hifadhini, shamba linaweza kwisha usiku mmoja.

Lakini maarifa nayo yapo. Wataalamu wa Ilonga, hapa hapa Kilosa, walitoa mbegu ya mahindi ya Staha. Ukiacha mche mmoja kwa shimo, nafasi sentimita 75 kwa 30, ekari moja inabeba miche karibu 18,000. Hiyo si bahati, ni kamba ya kupimia. Mwenye shamba bondeni na jingine mlimani, mafuriko hayammalizi. Na Mikumi wapo waliozungushia mashamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Tembo hawaipendi harufu ile.

Mvua hatuipangi. Mbegu, nafasi na palizi tunavipanga sisi. Basi jirani akivuna, tumwulize: ulifanyaje? Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.