Basi Likiwa Nyumba: Safari ya Familia Embu Hadi Meru, na Jinsi ya Kulinda Pesa Zenu Njiani

Basi la abiria likichoka na kazi ya stendi, si lazima liishie kwa wauza skrapu. Fundi mzuri wa juakali anaweza kung'oa viti, akaweka vitanda, kabati, tangi la maji, sola juu ya paa na kona ya kupikia. Wageni wamevuka Afrika Mashariki kwa magari ya aina hii kwa miaka mingi. Je, familia ya Kenya inaweza? Inaweza, lakini kuna jambo moja la kufikiria mapema: familia nzima iko ndani ya gari moja, na mara nyingi pesa zote ziko ndani ya simu moja.

Tuchukue mfano wa baba, mama na watoto wawili wanaotoka Embu kwenda Meru. Barabara inapita Runyenjes, inavuka mto Thuci kuingia Tharaka Nithi, kisha Chuka, Chogoria na Nkubu. Mlima Kenya uko kushoto kwako, na kati ya Nkubu na mji wa Meru unavuka Ikweta. Ni safari tamu. Sasa tupange.

Kabla ya kuwasha injini

Ukibadilisha bodi ya gari, mwambie NTSA ili logibuku ilingane na gari lililo barabarani. Zungumza pia na kampuni ya bima, kwa sababu bima ya gari la abiria na ya gari la familia si kitu kimoja. Na leseni ya gari dogo haitoshi kuendesha basi kubwa. Malipo ya NTSA hupitia eCitizen, kwa hivyo hakuna haja ya kumpa mtu yeyote pesa mkononi eti "akusaidie".

Watoto nao wana ratiba yao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi kuhakikisha mtoto anaenda shule. Kwa wengi wetu basi ni nyumba ya likizo: Aprili, Agosti, au Novemba na Disemba. Lipa karo ya muhula unaokuja kabla ya kununua dizeli. Ukiweza, iweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, isije ikaliwa njiani kidogo kidogo.

Sokoni na kwa mama mboga

Raha ya barabara hii ni chakula. Ndizi utazipata kila mahali, na ukifika Meru, soko la Gakoromone litakujazia jiko. Hapa ndipo pesa hupotea, si kwa wizi, bali kwa haraka. Mtoto analia, muuzaji anaita nambari, wewe unabonyeza tu. Pumzika sekunde mbili. Soma kwanza jina linalotokea. Likiwa si la huyo uliye mbele yake, simamisha. Kama umeshatuma kimakosa kwa M-PESA, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Ukingoja mpaka jioni, pesa inaweza kuwa imeshatolewa.

Mteremko wa Nithi

Kati ya Chuka na Chogoria kuna Daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Basi lenye vitanda, tangi la maji na mitungi ya gesi ni zito. Kagua breki kabla ya kuondoka, teremka kwa gia ndogo, na kila mtu awe amekaa na kufunga mkanda. Hakuna kulala kitandani gari likitembea, hata kama mtoto amechoka.

Sasa fikiria nyumbani. Shosho anajua mko barabara hiyo. Simu inalia: "Mjukuu wako amepata ajali, daktari anataka pesa sasa hivi, tuma kwa hii nambari." Anawapigia, nyinyi mko mahali mtandao hakuna. Kwa hofu, anatuma. Matapeli wanaishi kwa hofu kama hiyo.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya safari, chagueni neno moja la siri na shosho, neno ambalo tapeli hawezi kulibahatisha. Mtu yeyote akiomba pesa kwa jina lenu bila kulitaja, shosho asitume. Mpe pia nambari ya pili ya kupiga, na mkubaliane saa ya kumjulisha mmefika wapi, kwa mfano kila jioni saa moja.

Kuhusu hospitali yenyewe, SHA ilianza Oktoba 2024. Hakikisha familia yote imesajiliwa kupitia *147# na michango imelipwa kabla hamjaondoka.

Usiku na baridi

Miteremko ya Mlima Kenya ina baridi kali usiku. Usiingize jiko la makaa ndani ya basi mkafunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Vaeni sweta, ongezeni blanketi, na mtungi wa gesi ufungwe baada ya kupika.

Mbugani, lipa mapema

Kutoka Meru, wengi huendelea hadi Maua, kisha Mbuga ya Meru kupitia lango la Murera. Mbuga hiyo ilitangazwa rasmi 1966, na ni kubwa, takriban kilomita 870 mraba. KWS hupokea malipo kwa eCitizen. Lipa ukiwa bado mjini, hifadhi risiti kwenye simu, na uipige picha kwa simu ya pili. Kwenye lango usitegemee mtandao wala bando.

Simu ikipotea

Msiweke kila kitu kwa simu ya baba peke yake. Mama awe na laini yake, na pesa ya dizeli na ya dharura zigawanywe. Mmoja akiibiwa stendi Meru, mwingine bado anaweza kuwafikisha nyumbani. Kwa laini ya Safaricom, piga 100 kwa laini nyingine ya Safaricom na uombe ifungwe. Mapema zaidi, bonyeza *100*100# kuzuia mtu mwingine kusajili laini yako upya. Na PIN haipewi mtoto, hata kama yeye ndiye mjuzi wa simu hapo nyumbani.

Jioni ya kuamkia safari

Kaeni pamoja mezani, mfanye haya:

- Karo imelipwa au imefungwa.
- Pesa ziko kwa laini mbili, za watu wawili.
- Shosho anajua neno la siri.
- SHA iko sawa, na risiti za mbuga ziko kwa simu mbili.
- Breki zimekaguliwa na fundi, si kwa macho tu.

Ikiwa jambo moja bado, ahirisheni siku moja. Mlima utakuwa palepale.