Mfahamu Perege wa Mtera

Ijumaa za Kwaresima, wengi wetu hapa Chamwino huacha nyama na kutafuta samaki. Mara nyingi anayefika mezani ni perege kutoka Bwawa la Mtera, kusini mwetu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Tunamla, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kumtazama vizuri.

Bwawa lilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya umeme. Perege yeye ni mwenyeji wa siku nyingi zaidi: asili yake ni mito ya bonde la Rufiji, na Ruaha Mkuu ni mmojawapo. Wataalamu humwita Oreochromis urolepis. Mafrateri wanaosoma Kigiriki watalielewa mara moja jina hilo la pili, alilopewa mwaka 1922: oura ni mkia, lepis ni gamba. Ukimpapasa mkiani utajua sababu, kwani pezi la mkia limefunikwa na vigamba vidogo vilivyosongamana.

Mwili wake ni mpana na umebanwa ubavuni. Pezi la mgongo ni refu. Mbele lina miiba migumu inayochoma mkono, nyuma ni laini. Kila upande wa pua una tundu moja tu, wakati samaki wengi wana mawili. Mstari wa ubavuni, unaomsaidia kuhisi mtikisiko wa maji, umekatika vipande viwili. Kooni ana taya la pili la kusagia chakula. Dume akikomaa, rangi yake hukolea.

Dume huchimba kishimo chini ya maji, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake. Huyaatamia humo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa hukimbilia tena kinywani mwa mama. Ndiyo maana kumvua jike wakati huo ni kupoteza kizazi kizima pamoja naye.

Yuko pia mgeni anayefanana naye: sato, ambaye amesambazwa katika mabwawa mengi nchini kwa ajili ya ufugaji. Mtazame mkiani: sato ana mistari ya wima iliyopangana vizuri, perege wetu hana. Wakikutana katika maji mamoja huzaliana, na machotara wao nao huzaa. Taratibu perege halisi anaweza kutoweka bila yeyote kugundua, kwa sababu bado samaki wanavuliwa na sahani zimejaa.

Basi tukichimba bwawa la parokia au la familia, tuulize kwanza: vifaranga hawa ni wa aina gani, na mvua kubwa ikija maji yatamwagikia mto upi? Tusimwage mtoni samaki tuliowanunua. Na tukiwa sokoni, kabla ya kuuliza bei, tuangalie mkia.