Pasipoti Yako Isifungiwe Karanga

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilinunua karanga za shilingi mia tano pale kituo cha mabasi. Mwuzaji akanimiminia katika karatasi iliyosokotwa, kama ilivyo kawaida yao. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi, nikakuta uso wa mwanamke unanitazama. Kilikuwa kivuli cha pasipoti: jina lake lote, namba, tarehe na mahali alipozaliwa, hata sahihi yake. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, "Viza, haraka."

Niliichana vipande vidogo vidogo. Wenzangu kituoni walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa jambo hili limekwisha kutufika nyumbani.

Mwaka jana shangazi yangu wa Tanga alitakiwa kwenda India kutibiwa goti, na kazi ya kushughulikia safari nikapewa mimi. Wakala wa safari akaniambia nimtumie picha ya pasipoti kwa WhatsApp. Nikatuma. Nikaenda duka la stesheneri kutoa kopi. Kijana wa pale akaipokea picha katika simu yake, ndipo akaichapa. Kisha, ili ndugu waamini kuwa safari ni ya kweli na wachange, nikaiweka picha ile ile katika kundi letu la michango, lenye watu zaidi ya mia moja.

Siku nne kabla ya safari shangazi akapigiwa simu. "Shikamoo mama, napiga kutoka ofisi ya viza." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Yule mtu akamsomea namba ya pasipoti, tarehe aliyozaliwa na tarehe ya pasipoti kwisha muda wake. Halafu akasema imebaki ada moja ndogo, isipolipwa leo viza inafutwa. Shangazi akatuma shilingi 380,000, fedha za michango. Jioni akaniuliza kama zimefika. Nilipomwambia hakuna ada ya namna hiyo, alinijibu neno moja tu: "Lakini alikuwa anajua kila kitu."

Tapeli yule alizipata wapi habari zile? Kwa wakala, dukani, au katika kundi la michango? Mpaka leo hatujui. Tunachojua ni kwamba kote huko nilizipeleka mimi. Pasipoti yenyewe ilikuwa sandukuni kwa shangazi muda wote. Yalimtosha tapeli maneno yaliyoandikwa ndani yake.

Basi ndugu msikilizaji, tujiulize: anayetushughulikia safari anahitaji nini hasa?

Shirika la ndege linahitaji jina kama lilivyoandikwa katika pasipoti. Kwa safari za nje, nchi nyingi hutaka pia zipelekewe mapema tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya pasipoti na tarehe ya kwisha kwake. Hayo yote ni maneno na tarakimu. Yanaweza kuandikwa katika fomu, bila picha yoyote. Wakala atakwambia picha inazuia makosa ya majina, na hilo ni kweli. Lakini ukienda ofisini na pasipoti mkononi, akasoma, akaandika, ukahakiki naye herufi kwa herufi, makosa yatazuilika vile vile, nawe utaondoka na kitabu chako.

Viza ni jambo jingine. Kwa mfano, viza ya India inayoombwa kwa mtandao hutaka nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, na kwa mgonjwa hutaka pia barua ya hospitali ya huko. Hapo huna budi kutoa nakala. Ila angalia unaitoa wapi. Tovuti za serikali ya India huishia kwa herufi gov.in. Ziko nyingine zilizopambwa bendera na nembo, ambazo ni za wafanyabiashara, au za matapeli kabisa. Kama hujui kompyuta, kaa na wakala ajaze huku unaona. Akimaliza, mwombe aifute nakala mbele yako.

Pale nakala inapotakiwa kwa kumbukumbu tu, kama hotelini au kwa wakala, andika juu yake kwa wino, ukipitisha maandishi katikati ya ukurasa: ni ya kazi gani, ya nani, na tarehe gani. Nakala yenye maneno "Kwa hoteli tu" ni vigumu kuitumia kufungulia akaunti mahali pengine.

Tena, wapo wanaoziba namba ya juu kwa kidole wakidhani wamesalimika. Tazama chini ya ukurasa ule. Kuna mistari miwili yenye herufi, tarakimu na vialama vingi vinavyofanana na mshale. Ile ndiyo mistari inayosomwa na mashine uwanja wa ndege. Ule wa pili unarudia namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kwisha. Ukiziba juu ukaacha chini, hujaziba kitu.

Na hatari haiishi pasipoti inaporudi mfukoni. Mwaka 2020, Tony Abbott, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia, aliweka Instagram picha ya hati yake ya kupandia ndege. Mtaalamu mmoja wa kompyuta akachukua namba ya kuhifadhia nafasi ya safari iliyokuwa pale, akaingia nayo katika tovuti ya shirika la ndege, akapata namba ya pasipoti na ya simu ya mzee huyo. Kwa bahati njema hakuwa mtu mbaya, alitoa taarifa. Vijana wetu wanaopiga picha na tiketi uwanjani wakumbuke hilo.

Wala usidhani hatari iko kwa wadogo tu. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya hoteli ya Marriott ilitangaza kuwa wezi wa mtandao wameingia katika kumbukumbu za wageni wake. Ilionekana baadaye kwamba namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimehifadhiwa wazi, bila kufungwa kwa maandishi ya siri. Asiyepewa nakala hana ya kuibiwa.

Sheria sasa ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na iko Tume ya kupokea malalamiko. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2019. Kwa hiyo ukimwuliza wakala, "Nakala yangu utaiweka wapi, na utaifuta lini?" humtukani. Unadai haki yako. Akikasirika, tafuta mwingine.

Shangazi alisafiri, akatibiwa, na sasa anakwenda sokoni kwa miguu yake. Pengo la zile fedha nililiziba mimi, polepole, na nilistahili. Lakini kuna lisilozibika: akipigiwa simu na mtu asiyemjua, hata awe nesi wa hospitali, haitikii tena marahaba. Hukata.

Leo jioni, ndugu msikilizaji, fungua simu yako utazame picha za pasipoti ulizowahi kutuma, na ulimtumia nani. Pale unapoweza kufuta, futa. Na zile kopi za kabatini usizozihitaji, zichane mwenyewe, kabla muuza karanga hajazipata.

Tukutane wiki ijayo.