Mbegu za khubeza kwenye pindo la leso

Marehemu mama yangu hakuwa na kopo la mbegu. Alizifunga kwenye pindo la leso. Alipofariki, ndugu zangu waligawana nguo zake, mimi nikaomba leso ile na fundo lake. Ndani mlikuwa na mbegu za khubeza alizochuma shambani kwa jamaa zetu, Nizwa.

Wengi wetu tuliopo Omani tunaijua khubeza. Huota yenyewe wakati wa baridi, mashambani na kandokando ya mifereji. Majani yake yakipikwa huteleza kama mlenda, wala si ajabu: ni jamaa moja na mlenda, bamia, pamba, hata mbuyu. Jina lake latokana na khubz, mkate, kwani tunda lake ni la duara, bapa, kama kimkate cha mtoto.

Mwaka wa kwanza nilipanda mbegu kiasi. Hakikuota kitu. Mwaka wa pili nikapanda nyengine, ukatoka mche mmoja tu, nao ukaliwa na kuku. Nikafungua fundo nikahesabu: zimebaki 22. Usiku ule nililia. Niliona kama mama anakufa mara ya pili.

Kumbe mwalimu nimesahau somo langu mwenyewe! Sekondari ya misheni tulifundishwa kwamba ziko mbegu zenye ganda lisilopitisha maji, nami nikaja kuwafundisha wengine miaka na miaka. Mbegu ya namna hiyo haijafa, imejifungia mlango tu. Kule Michigan, Marekani, mwaka 1879, William James Beal alizika chupa 20 za mbegu ili zifukuliwe moja moja. Mwaka 1980, baada ya miaka 100, mbegu ya jamii hii ya khubeza iliota.

Basi safari hii nilitoa 12 tu. Nilizisugua taratibu baina ya vipande viwili vya msasa mpaka ganda likapoteza mng'aro, nikaziroweka usiku kucha. Asubuhi zilizovimba nikazipanda, na zilizobaki vilevile nikazisugua tena. Ilikuwa Novemba, joto la Maskati limeshapungua. Nilizifukia kina cha nusu kidole, palepale zitakapokulia, kwa sababu mzizi wake hushuka chini moja kwa moja na haupendi kuhamishwa. Kati ya mche na mche niliacha kama shubiri moja na nusu. Zikatoka nane, alhamdulillahi.

Ukichagua, jiulize unataka nini. Khubeza yetu ya mboga ina maua madogo, meupe yaliyopauka. Anayetaka kupamba bustani atafute ile ndefu yenye maua ya zambarau na mistari iliyokoza. Mdogo wangu aliyeko Uingereza nimemwambia anunue hiyo hukohuko, maana huota porini kwao, aipande baridi ikishakwisha. Na popote ulipo, usichume majani kando ya barabara wala palipopigwa dawa.

Vimkate vilipokauka na kuwa rangi ya kahawia, nilivivunja nikatoa mbegu. Kila ndugu yangu wa hapa Omani nimempelekea zake, zimefungwa kwenye kitambaa. Zile kumi za mama sikuzigusa. Zimo palepale, kwenye fundo alilolifunga yeye.